Dondoo muhimu: Baiskeli ya mlimani kwa anayeanza, Morogoro

Milima ya Uluguru hupanda hadi zaidi ya mita 2,600, lakini anayeanza apate mazoezi yake chini kwanza.

Anzia tambarare. Barabara za vumbi kuelekea Bwawa la Mindu zinatosha kujifunza kubadili gia na kukwepa mashimo.

Kisha panda kidogo kidogo. Njia ya Morningside, kwenye miteremko ya Uluguru, ni pana na inaeleweka, ila ina mawe na makorongo. Panda kwa gia nyepesi. Ukichoka, shuka usukume, si aibu.

Chagua msimu. Juni hadi Septemba njia huwa kavu. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, udongo mwekundu huteleza vibaya.

Kagua kabla ya kutoka. Breki zote mbili, upepo, mnyororo. Beba pampu, viraka na maji, na vaa kofia ngumu. Mafundi wako mjini, si mlimani.

Kushuka. Teremsha siti, rudisha uzito nyuma, pedali ziwe sambamba na ardhi. Bana breki zote mbili taratibu. Ya mbele peke yake inaweza kukurusha.

Wapishe wenyeji. Hizi ndizo njia za wakulima wanaoshusha ndizi na mboga sokoni. Punguza mwendo, salimia, simama wapite na mizigo yao. Usikatize mashambani.

Msituni ni kwa kibali. Ukitaka kuingia Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, uliza kwanza Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), nenda na mwongozaji, na anza asubuhi urudi kabla ya giza.