SOMO LA AFYA: VINYAMA KATIKA NJIA YA HEWA

Pale soko la Kariakoo wauzaji hunadi bidhaa tangu asubuhi. Jioni sauti zimekauka. Sauti kama hiyo hurudi mtu akipumzika. Lakini mtoto ambaye sauti yake inakwaruza wiki hata wiki, naye hana mafua, huyo ana jambo jingine.

Wazazi wengi husema, "Ana kimeo, akakatwe." Ngoja kwanza! Kimeo kipo nyuma ya mdomo. Sauti hutoka chini zaidi, kwenye zoloto. Kukata kimeo hakuponyi zoloto. Kunaweza kuleta kutoka damu nyingi, pepopunda, hata kifo.

Ndani ya zoloto huweza kuota vinyama mfano wa chunjua. Huletwa na kirusi kiitwacho HPV, hasa aina ya 6 na ya 11. Mara nyingi mtoto hukipata wakati wa kuzaliwa. Si kosa la mama, wala si uchawi. Vinyama vikikua huziba njia ya hewa.

LEZA HUFANYA NINI?

Leza ni mwanga mkali uliokusanywa mahali padogo. Mwaka 1972 madaktari Strong na Jako wa Boston, Marekani, walieleza jinsi ya kutibu zoloto kwa leza ya kaboni dayoksaidi. Maji hufyonza mwanga huo, na nyama ya mwili ina maji mengi. Maji huchemka ghafla, kinyama kikageuka mvuke. Joto hilohilo huziba mishipa midogo, kwa hiyo damu hutoka kidogo.

Ni kama kuchoma magugu shambani. Moto ukizidi, unaunguza na mahindi. Leza ikichoma ndani mno, huacha kovu. Njia ya hewa huwa nyembamba na sauti huharibika. Tena nyuzi za sauti ni mbili. Zikiwa na vidonda vinavyotazamana, hugandana. Ndiyo maana daktari huacha kinyama kidogo pale mbele zinapokutana, akamalizia siku nyingine.

Na magugu huota tena. Kirusi hubaki katika nyama inayoonekana nzima. Kwa hiyo mtoto huweza kutibiwa mara nyingi. Usikate tamaa ukakimbilia kwa mkata kimeo. Pasipo na leza, daktari huondoa vinyama kwa vifaa vya chuma.

UFANYE NINI?

Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki 3, mpeleke mtoto kituo cha afya. Omba barua ya kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Hospitali ya Muhimbili, pale Upanga karibu na Kariakoo, wapo. Akivuta pumzi kwa mluzi na mbavu kubonyea, usingoje kesho.

Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana. Baadhi ya chanjo za HPV huzuia pia aina ya 6 na ya 11.

MASWALI
1. Kwa nini kukata kimeo hakuponyi sauti?
2. Leza ikichoma ndani mno, nini hutokea?
3. Kwa nini vinyama huota tena?