Talaka ya Wayahudi: Hati Moja Haitoshi

Kwa Wayahudi washika dini talaka ya serikali peke yake haimfungui mtu. Yapasa mume atoe hati iitwayo get, naye mke aipokee, wote kwa hiari, mbele ya baraza la marabi. Mume akikataa, mke huitwa aguna, yaani aliyefungwa. Hawezi kuolewa tena kidini. Wengine huizuia hati ili wadai mali au watoto.

Huko Uingereza iko sheria ya mwaka 2002. Mmoja wao akiomba, mahakama yaweza kuzuia talaka ya serikali isikamilike mpaka ile ya dini itimizwe. Basi anayeonewa amwone wakili mapema, kabla amri ya mwisho haijatolewa. Ikishatoka, kinga hiyo imempita.

Nasi tujifunze: ndoa ikivunjika, kumshikilia mwenzako ili kumkomoa ni dhuluma.