Laptopu Kuukuu na Hotspoti: Anza na Simu

Mjini Mbita, mwanafunzi anayejaza fomu ya mkopo wa HELB na mwenye saiba anayehudumia wateja wa huduma za serikali za eCitizen mara nyingi hutegemea vitu viwili: laptopu ya mtumba na bando la simu. Hotspoti ikigoma, wengi hulaumu mnara au huambiwa wanunue kadi mpya ya waifai. Mimi nashauri kwanza uguse mipangilio ya simu. Kama simu yenyewe inafungua tovuti, mnara hauna kosa. Mara nyingi tatizo liko kati ya vifaa viwili visivyoelewana. Kadi kuukuu mara nyingi haiwezi kujifunza lugha iliyozuka baada yake, lakini simu mpya bado inaijua ile ya zamani.

Dalili ndiyo inayoonyesha pa kushika. Laptopu ikiona waifai nyingine lakini isione jina la hotspoti yako, shuku masafa. Kadi nyingi za zamani hupokea gigahezi 2.4 pekee, ilhali simu huenda inarusha kwa gigahezi 5. Kwenye Android, ingia mipangilio ya hotspoti uchague 2.4; kwenye iPhone 12 na zilizofuata, washa "Maximize Compatibility". Jina likionekana lakini nenosiri sahihi likataliwe, shuku ulinzi. Mfumo wa ulinzi wa WPA3 ulitoka 2018, na kadi iliyoundwa kabla ya hapo kwa kawaida inajua WPA2 tu. Hata mpangilio unaochanganya WPA2 na WPA3 huzitatiza baadhi ya draiva (programu zinazoendesha kadi) za zamani, kwa hiyo chagua WPA2 peke yake. Kwenye Windows, amri ya netsh wlan show drivers itakuonyesha kadi yako inakubali nini, usibahatishe.

Kuna watakaosema gigahezi 2.4 ni polepole. Ni kweli, lakini kasi unayoipata haiwezi kuzidi ile inayoingia kwenye simu, na fomu ya mkopo haihitaji kasi ya kutazama filamu. Isitoshe, masafa hayo hupenya kuta vizuri kuliko gigahezi 5. Pingamizi la usalama ni zito zaidi: je, kurudi WPA2 si kufungua mlango? La, mradi nenosiri liwe refu na gumu kukisiwa. Kuondoa nenosiri kabisa ili laptopu ikubali ndiko kosa, kwani jirani atakula bando na yeyote aliye karibu anaweza kuchungulia.

Vyote vikishindikana, unganisha simu kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti kupitia waya huo. Njia hii haitumii kadi ya waifai hata kidogo, kwa hiyo ni tiba na pia kipimo. Intaneti ikipita kwenye waya, umethibitisha kwamba kasoro iko upande wa waifai. Hapo jaribu draiva mpya kabla ya kutoa pesa. Isipopita, kagua bando, kisha tarehe ya laptopu, maana saa iliyorudi nyuma miaka mingi hufanya tovuti salama zikatae kufunguka. Kadi mpya ununue lini, basi? Pale tu amri ile ya Windows inapoonyesha kwamba kadi haijui hata WPA2, au draiva mpya inaposhindwa kuiamsha. Kabla ya hapo, pesa hiyo ni afadhali inunue bando.