Kuagiza Vitenge Kariakoo Ukiwa Soweto West: Salamu Kwanza, Pesa Baadaye

Unauza vitenge hapa Soweto West, Kibera, na unataka kuagiza mzigo Kariakoo, Dar es Salaam? Tangu 2015 unaweza kutuma pesa kutoka M-Pesa ya Kenya hadi ya Tanzania. Pesa hufika haraka. Kuaminiana ndiko huchukua muda.

Nairobi tumezoea, "Nipe bei ya mwisho." Kwa Mtanzania, hiyo ni kama amri. Anza na, "Habari za kazi, dada? Za nyumbani?" Akijibu, endelea: "Naomba kujua bei ya jumla." Aliyekuzidi umri mwamkie, "Shikamoo."

Kabla ya kutuma:

1. Mpigie simu, mzungumze.
2. Kubalianeni kama bei ni kwa shilingi ya Kenya au ya Tanzania.
3. Agiza mzigo mdogo kwanza. Ukifika sawa, ongeza.
4. Hakikisha namba ina jina la muuzaji. Jina likiwa tofauti, usitume.
5. Usifute meseji ya malipo.

Kumbuka, hata tapeli anajua kusema "naomba". Muuzaji mwaminifu hatakasirika ukimuuliza jina lake mara mbili.