SOMO LA VIKUNDI: BWANA AFYA NA KITUO CHA UNUNUZI



Mwanachama akiulizwa Idara ya Afya ya Halmashauri hufanya kazi gani, aghalabu hujibu kwamba hutibu wagonjwa. Jibu hilo ni nusu tu. Zahanati na vituo vya afya ni sehemu ya idara hiyo, chini ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Lakini yuko pia Bwana Afya, ambaye kazi yake ni kumzuia mtu asifike zahanati. Yeye hukagua maji, vyoo, masoko, vilabu na machinjio, na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 imempa uwezo wa kuingia mahali pa biashara, kukagua na kutoa ilani. Ghala la Chama ni mahali pa biashara.

Historia ya Halmashauri inafanana na yetu. Serikali za mitaa zilivunjwa mwaka 1972, vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, na sheria za mwaka 1982 zikavirudisha vyombo hivyo. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1973, kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kujifunza; walisikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Ndiyo maana somo hili nalo limeandikwa lijadiliwe, si lisomwe tu.

Sasa tutazame hatari yenyewe. Mwezi Mei 2015 wakimbizi kutoka Burundi walifurika Kagunga, kijiji kidogo kilicho mwambao wa Ziwa Tanganyika katika mkoa wetu wa Kigoma. Watu walikuwa makumi ya maelfu, vyoo vichache, na maji ya kunywa yalikuwa yale yale ya ziwani. Kipindupindu kiliwashika zaidi ya watu 3,000 na kuua wapatao 30, wenyeji wakiwamo. Gwarama iko mbali na ziwa. Lakini ugonjwa huu hufuata kinyesi kinachoingia katika maji na chakula, popote pale. Msimu wa ununuzi huleta msongamano wa namna hiyo, ingawa mdogo: wakulima hulala kituoni wakingoja mizani, mama lishe hupika uwanjani, na maji huchotwa bondeni. Choo je? Mara nyingi kimefungwa kwa kufuli, na ufunguo anao karani. (Choo cha namna hiyo ni cha karani, si cha Chama.)

Kwa hiyo Bodi imwite Bwana Afya wa kata kabla ya mizani kufunguliwa, isingoje aje na ilani. Atapima umbali kati ya choo na kisima, ambao usipungue mita 30, choo kikiwa upande wa chini wa mteremko, jambo lenye uzito katika vilima vyetu. Ataangalia pia kama dawa za mimea zimetengwa na nafaka. Anachoandika kiingizwe katika kumbukumbu za mkutano na kitengewe fedha katika makisio, sawasawa na hoja ya mkaguzi wa hesabu. Bodi nyingi hujibu hoja za hesabu upesi kwa kumwogopa Mrajis, huku barua ya Bwana Afya ikilala chini ya daftari la mapokezi. Fedha ikipotea, Chama huweza kumdai mtu. Mwanachama akifa kwa kuhara, hakuna wa kudaiwa.

Maswali kwa kikundi: Choo cha kituo chenu kiko umbali gani na kisima, na nani alipima? Barua ya mwisho ya Bwana Afya iko katika jalada gani? Makisio ya mwaka huu yametenga shilingi ngapi kwa sabuni na maji ya kunawia?