Mafuta ya Damu na Urithi wa Wazazi

Wanafunzi wenzangu, nanyi ndugu zetu mliomaliza masomo zamani,

Hapa kwetu Rugerero wako wengi ambao bado huona kitambi kuwa dalili ya heri. Nataka kueleza kwa nini yafaa tukitazame kwa hadhari, na kwa nini watu wawili wanaokula chungu kimoja hawapati mafuta sawa katika damu.

Kwanza, tujue mafuta yenyewe. Mafuta hayachanganyiki na maji, na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo mwili huyafunga katika vifurushi vidogo pamoja na protini. Vifurushi viitwavyo LDL hupeleka kolesteroli mwilini. Vikizidi, kolesteroli hujibandika katika kuta za mishipa na kuiziba polepole. Vile vya HDL husaidia kuirudisha kwenye ini. Tena yako mafuta ya trigliseridi, yaliyo akiba ya nguvu. Haya huongezwa na sukari nyingi, pombe na kukaa bila kazi ya mwili.

Pili, madaktari wameona mambo matano yanayopenda kuandamana: kiuno kinene, shinikizo kubwa la damu, sukari nyingi katika damu, trigliseridi nyingi, na HDL chache. Mwenye matatu kati ya hayo husemwa kuwa ana sindromu ya metaboliki. Huyo yu karibu na kisukari, ugonjwa wa moyo na kiharusi.

Tatu, urithi. Mwaka 2003 wataalamu walitangaza kwamba jeni iitwayo PCSK9 ilizidisha kolesteroli katika jamaa fulani za Ufaransa. Kazi yake ni hii: ini lina vishikio vya kunasa LDL, na PCSK9 huviharibu. Jeni hiyo ikifanya kazi kupita kiasi, vishikio hupungua na LDL hubaki katika damu. Mwaka 2006 ilitangazwa habari ya Wamarekani weusi 3,363 waliochunguzwa kwa miaka 15. Wachache, 2.6 kwa mia, walikuwa na PCSK9 iliyokatika. LDL yao ilikuwa chini kwa 28 kwa mia, na hatari yao ya ugonjwa wa moyo chini kwa 88 kwa mia. Kwa kuifuata njia hiyo zilitengenezwa dawa za sindano, zilizoruhusiwa mwaka 2015.

Basi, habari hii yatuhusu nini? Watu wa asili ya Afrika mara nyingi wana trigliseridi chache kuliko Wazungu, hata sukari yao inapoanza kupanda. Mtu aweza kusoma karatasi ya vipimo, akaona trigliseridi ni salama, akarudi nyumbani akifurahi, kumbe kisukari ki mlangoni. Kipimo kilichotungwa kwa watu wengine hakitoshi kwetu. Ndiyo maana kazi ya jirani zetu Waganda ina thamani: mwaka 2019 zilitolewa habari za jeni za watu wapatao 6,400 wa Kyamulibwa na vijiji vya karibu.

Lakini urithi si yote. Mwaka 1964 Dk. George Mann na wenziwe waliandika juu ya Wamasai wa Tanganyika, waliokula maziwa na nyama kwa wingi, na huku kolesteroli yao ilikuwa chini. Wengine walidhani ni asili yao, wengine walisema ni mwendo wao wa miguu kila siku. Huenda yote mawili yana sehemu.

Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwa jeni ni kweli, kwa maisha si lazima. Nanyi ndugu zetu mnaoketi ofisini tangu asubuhi hata jioni, nendeni kituo cha afya mkapimwe kiuno, shinikizo na sukari, hata kama hamsikii maumivu. Nasi wanafunzi tuulize nyumbani ni nani katika ukoo aliyepatwa na kiharusi au kisukari. Ajuaye urithi wake huanza kujilinda mapema.