Uvimbe wa Tezi ya Kifuani na Miaka Inayofuata

Mwanafunzi aliyepata kutazama mwana-mbuzi akichinjwa huenda ameona kipande cha nyama laini, nyeupe, kati ya shingo na moyo. Hiyo ni tezi iitwayo thaimasi. Nasi tunayo, nyuma ya mfupa wa kidari. Kwa mtoto ni kubwa. Mtu akisha kubalehe husinyaa, mahali pake pakaingia mafuta. Kazi yake haikujulikana mpaka mwaka 1961, Jacques Miller alipoiondoa katika panya wachanga huko London, akaona wanashindwa kupigana na maradhi. Ndani yake hufundwa chembe nyeupe zinazoulinda mwili.

Mara chache, hasa kwa watu wazima, tezi hii huota uvimbe uitwao thaimoma. Mgonjwa huweza kukohoa au kuumwa kifua. Yapata theluthi moja hulegea misuli pia: kope huanguka, kumeza kukawa taabu, na jioni huzidi. Wengi hudhani ni uchovu wa shamba tu.

Tiba ya kwanza ni kisu. Daktari hupasua kidari, akatoa tezi yote na mafuta yanayoizunguka. Ikiwa uvimbe ungali ndani ya ganda lake, mara nyingi hiyo yatosha. Ukiwa umepenya hata kushika pafu au mfuko wa moyo, aghalabu huongezwa mionzi, kidogo kidogo, siku tano kwa juma, kwa kadiri ya majuma matano. Kwetu mtu huipata Ocean Road, Dar es Salaam, hospitali iliyofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897 na kufanywa taasisi ya saratani mwaka 1996. Mkulima wa kabichi wa Mgeta sharti afikiri ni nani atakayemwagilia bustani yake siku zote hizo.

Je, uvimbe hurudi? Hapa maradhi hayafanani. Daktari Denis Burkitt wa Kampala, ambaye mwaka 1961 alizunguka Afrika ya Mashariki na ya Kati kwa gari akiuliza habari za uvimbe wa taya za watoto, aliona kwamba ukikatwa huota tena upesi. Baadaye dawa ziliponya wengi. Nao uvimbe ule ukirudi, hurudi zaidi katika mwaka wa kwanza. Mtoto akipita miaka miwili salama, wazazi hupumua.

Thaimoma haina haraka. Huweza kukaa kimya miaka mitano, kumi, hata zaidi, kisha ikatokea katika utando wa pafu. Kwa hiyo mgonjwa huitwa kupigwa picha ya kifua kwa miaka kumi au kupita, ingawa anapanda mlima wa Matombo na mzigo kichwani. Hapo ndipo wengi hukatika njiani: nauli ni ghali, na mwili hauumi! Tangu mwaka 2024 treni ya umeme imefupisha safari ya kutoka Morogoro mjini, lakini haipandi Uluguru. Uvimbe uliorudi, ukionekana ungali mdogo, huweza kukatwa tena, na wengi huishi miaka mingi baadaye.

Mionzi nayo huacha alama. Pafu huweza kupata kovu, na mishipa ya moyo kuugua baada ya miaka. Karatasi za hospitali zihifadhiwe pakavu, maana daktari wa miaka kumi ijayo atakuwa mwingine, na mahali palipokwisha kupigwa mionzi kamili hapapigwi tena kwa urahisi. Atataka kujua ni wapi, na kiasi gani.